Mikanda ya Mjomba Iliyorudi Washington

Ukishuka treni ya Metro kituo cha Gallery Place, mjini Washington, tafuta mlango wa kutokea makutano ya mtaa wa 9 na mtaa wa G. Ukifika juu utaona jengo jeusi la chuma na vioo, limekaa kama boksi, halina pambo lolote. Hiyo ndiyo maktaba kuu ya jiji, Maktaba ya Kumbukumbu ya Martin Luther King Jr. Aliyeichora ni Mies van der Rohe, mbunifu majengo mzaliwa wa Ujerumani, na ilipofunguliwa mwaka 1972 yeye alikuwa amekwisha kufariki. Ilifungwa mwaka 2017 kwa matengenezo makubwa, ikafunguliwa tena 2020, na sasa ina bustani hata juu ya paa. Ukumbini kuna mchoro mkubwa wa ukutani wa maisha ya Dk. King. Wengi wetu tunaoishi Silver Spring, Hyattsville au Langley Park tunapita hapo tukiwapeleka wageni kuiona Ikulu ya Marekani, wala hatuingii. Ingieni. Choo ni safi, viti ni vizuri, na hakuna anayekuuliza umekuja kununua nini.

Ndani ya maktaba hiyo kuna huduma iitwayo Memory Lab, iliyoanza mwaka 2016. Ni mahali palipowekwa deki za zamani, kompyuta na vifaa vya kuhamishia mikanda ya VHS, kaseti za sauti na picha za karatasi ili ziwe mafaili ya kompyuta. Hulipi chochote. Unaweka miadi, unakuja na mikanda yako na flashi au diski kubwa ya kuhifadhia, unafuata maelekezo, unafanya mwenyewe. Kadi ya maktaba si kwa wakazi wa Washington peke yao. Hata sisi wa kaunti za jirani za Maryland, Montgomery na Prince George's, tunapewa bure. Mimi nilisikia habari zake kutoka kwa muuguzi mwenzangu, Mmarekani, tukiwa zamu ya usiku, akinisimulia alivyohamisha harusi ya wazazi wake. Asubuhi ile sikulala kabla sijaweka miadi.

Mikanda yangu ilikuwa miwili. Ilirekodiwa Maryland mwanzoni mwa mwaka 1990, ikapelekwa Tanga kwa mkono wa msafiri, ikakaa Ngamiani zaidi ya miaka thelathini katika sanduku la bati la mama, chini ya khanga, pamoja na vidonge vya kuzuia nondo. Nilipokwenda likizo niliiomba, nikairudisha huku kwenye begi la mkononi.

Aliyeirekodi ni mjomba wangu, kaka mkubwa wa mama. Alikuja Marekani mwaka 1983 kusoma. Hakurudi tena. Alifariki hapa Maryland mwaka 2004 na hapa ndipo alipozikwa, miaka kumi kabla mimi sijafika. Kwa hiyo sikumjua. Sisi watoto wa nyumba ile tulikua tukijua mambo mawili tu juu yake: kwamba amelowea, na kwamba ni mlevi. La kulowea lilisemwa kwa sauti. La ulevi lilisemwa jikoni, kwa kunong'ona, maana bibi yetu alikuwa mtu wa swala tano na hakutaka kulisikia.

Habari ya ulevi ilitoka kwenye mikanda hii. Nilikuwa mtoto wa miaka miwili, kwa hiyo nasimulia nilivyosimuliwa na mama.

Vijana mnaosoma huku huenda hamjui kwamba Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hata kimoja mpaka mwaka 1994. Zanzibar walikuwa nayo tangu 1973, tena ya rangi, na watu wa mwambao wenye antena ndefu walijaribu kuidaka. Lakini deki za video zilikuwepo kabla ya vituo. Mtaani kwetu palikuwa na mzee mmoja mwenye deki na televisheni, na jioni watu walijaa uani kwake kuangalia filamu za Kihindi na za karate. Mikanda ya mjomba ilipofika ilipelekwa huko. Ilikuwa habari kubwa: mtu ameandika barua ya sura! Bibi aliwekewa kiti mbele. Shangazi, majirani, watoto, wote walikaa.

Picha ilikuwa haina rangi, inapanda na kushuka kama pazia linalopigwa na upepo, imejaa mistari. Uso ulionekana vipande vipande. Lakini sauti ilitoka, na hiyo sauti ndiyo iliyoleta balaa. Ilikuwa nzito, ya polepole, inaburuza maneno kama mtu asiyeweza kuubeba ulimi wake. Mzee wa deki alijaribu kupangusa hedi, akapiga ubavu wa deki kwa kiganja, hali ikawa ileile. Katikati ya watu mmoja akasema, "Huyu kalewa." Bibi akainuka, akajifunga ushungi wake vizuri, akaenda nyumbani. Mkanda wa pili haukuwekwa kabisa.

Ndugu msomaji, mjomba hakuwa amelewa. Maelezo yake ni haya, na ukiwa na mkanda wowote uliovuka bahari utayahitaji.

Dunia ya video za zamani iligawanyika. Marekani ilitumia mfumo wa NTSC, uliopitishwa kwa televisheni ya rangi mwaka 1953: picha karibu 30 kwa sekunde, kila picha mistari 525. Tanzania, Kenya na Uganda tulifuata mfumo wa PAL, uliobuniwa Ujerumani mwanzoni mwa miaka ya 1960 na Walter Bruch wa kampuni ya Telefunken: picha 25 kwa sekunde, mistari 625. Ndugu zetu wa Kongo na Burundi walifuata mfumo wa Kifaransa, SECAM. Kaseti kwa nje ni ileile, inaingia kwenye deki yoyote ya VHS, na hapo ndipo watu walipodanganyika. Deki ya PAL tupu ikipewa mkanda wa NTSC, haiwezi kuikusanya picha, na huuvuta mkanda kwa mwendo iliouzoea yenyewe. Badala ya picha thelathini inavuta ishirini na tano. Mahali pa kwenda hatua sita inakwenda tano. Sauti iliyovutwa polepole inashuka na kurefuka. Mwanaume mwenye sauti ya kawaida anatoka kama mlevi wa usiku wa manane.

Katika kazi yetu ya uuguzi mtu akiletwa anaburuza maneno, tunafundishwa kwamba pombe iwe wazo la mwisho. Pima sukari, angalia dalili za kiharusi, uliza ametumia dawa gani. Pale uani Ngamiani hakukuwa na wa kuipima deki.

Turudi kwenye safari ya mikanda. Mama aliogopa kwamba mashine ya ukaguzi ya uwanja wa ndege itaifuta. Haifuti, eksirei haina madhara kwa mkanda wa sumaku. Cha kuogopa ni sumaku yenyewe, kwa hiyo usiiweke juu ya spika kubwa, na usinipelekee kaseti chumba cha MRI. Cha kuogopa zaidi kwa watu wa pwani ni unyevu. Mkanda wa VHS ni plastiki nyembamba yenye unga wa sumaku ulioshikiliwa kwa gundi. Gundi ikinyonya unyevu inalainika, na ukungu unaota. Chungulia kwenye kidirisha cha kaseti. Ukiona vumbi jeupe kama la mkate uliooza, usiicheze hata kidogo, kwa sababu itauchafua mkanda na deki ya watu. Tafuta fundi wa kusafisha kwanza. Ya mjomba ilikuwa na kutu kwenye skrubu tu. Sanduku la bati na vidonge vya nondo sijui kama ndivyo vilivyoiokoa, lakini mama anaamini hivyo, nami simbishii.

Siku ya miadi nilitoka kazini saa moja na nusu asubuhi, nikanywa chai Silver Spring, nikapanda Metro ya mstari mwekundu. Kwenye Memory Lab nilikuta kila kitu kimeandikwa hatua kwa hatua: waya huu hapa, bonyeza hiki, hifadhi pale. Mfanyakazi wa maktaba alinionyesha mwanzo, akaniacha. Nilivaa spika za masikioni, nikabonyeza.

Ilitokea sebule ndogo yenye kochi la kahawia na dirisha lenye theluji nyuma yake. Mjomba amekaa, amevaa koti la sare ya kazi ya maegesho ya magari. Rangi zimefifia lakini picha imetulia tuli. Anaongea Kiswahili cha Tanga, cha haraka, cha mtu mwenye adabu anayeogopa mkanda utaisha. Akaanza: "Shikamoo mama. Mimi mwanao, mzima wa afya." Nilisimamisha hapohapo. Nikangoja kidogo, halafu nikaendelea, kwa sababu miadi ina saa zake.

Jambo ambalo huambiwi mpaka ukae pale ni kwamba mkanda hauharakishwi. Saa moja ya mkanda ni saa moja ya kukaa. Huwezi kuunakili kama faili, ni lazima uchezwe mwanzo hadi mwisho huku kompyuta ikiandika. Watu huliona hili kuwa usumbufu. Mimi naliona kuwa sababu nzuri ya kwenda mwenyewe badala ya kutuma dukani, maana nilimsikiliza mjomba kwa saa nzima bila kuguswa na simu.

Dakika tisa za mwanzo ni salamu. Anataja mtu mmoja mmoja, kama wale watuma salamu wa redioni: na jirani wa mlango wa bluu, na mwalimu wangu wa madrasa, na muuza kahawa wa barabara ya kumi na mbili kama bado yuko. Kisha anaingia kwenye shida yake. Fedha za chuo zilimwishia mwaka wa pili. Viza ya masomo ikafa. Mwaka 1986 serikali ya Marekani ilipitisha sheria ya kuwapa karatasi waliokuwa wanaishi bila karatasi, naye alikwenda kuuliza. Sheria ile iliwahusu waliokuwa nchini tangu kabla ya tarehe 1 Januari 1982. Yeye alifika 1983. "Mama," anasema, "mlango ulifunguliwa, nikakuta mimi niko upande wa nje." Anamweleza kwamba akitoka Marekani hataweza kurudi, na akirudi Tanga ada za wadogo zake nani atatuma? Mmoja wa wadogo hao ni mama yangu. Anamwomba bibi asimkasirikie, amrekodie jibu kwenye kaseti ya redio, ampe yuleyule msafiri. "Nitasubiri sauti yako."

Hakuna aliyemtumia sauti. Fedha zake zilipokelewa, barua fupi za shukrani ziliandikwa, lakini ombi lile hakuna aliyelisikia. Bibi alifariki mwaka 1997.

Mkanda wa pili ni matembezi, na nadhani aliurekodi ili kumfurahisha bibi baada ya habari nzito. Rafiki yake wa kazini, Mhabeshi kwa matamshi yake, anashika kamera. Wanaanzia Langley Park, maduka ya University Boulevard, theluji imerundikwa pembeni mwa maegesho. Halafu wako mjini. Mjomba anasimama mbele ya uzio wa Ikulu na nyuma yake magari yanapita, teksi, basi, kila kitu, kwenye Pennsylvania Avenue. Leo hakuna gari linalopita hapo. Barabara ile ilifungwa Mei 1995, baada ya bomu la Oklahoma City. Wanashuka mpaka kwenye uwanda mrefu kati ya mnara wa Washington na jengo la Lincoln. Mnara wa kumbukumbu ya Vita vya Pili vya Dunia haupo, ulifunguliwa mwaka 2004, mwaka aliofariki. Anapanda ngazi za Lincoln, anageuka, anasema: "Hapa ndipo Martin Luther King aliposimama akahutubia. Mama, ngazi hizi hazihesabiki, magoti yako yasingekubali." Halafu anacheka kicheko cha mama yangu, kilekile.

Jumapili moja nilizifuata njia zile na wanangu, simu mkononi, tukilinganisha. Mkubwa, miaka minane, aliuliza kwa nini babu huyu hana kofia wakati wa baridi. Nikamwambia amuulize bibi yake Tanga. Aliuliza, na wameongea nusu saa.

Sasa mambo ya kazi, kwa wenye mikanda nyumbani. Msingoje. Kampuni ya mwisho kutengeneza deki za VHS, Funai ya Japani, iliacha mwaka 2016. Mwaka 2019 chama cha kimataifa cha wahifadhi wa sauti na video, IASA, pamoja na UNESCO walianzisha mpango wa tahadhari, wakionya kwamba kuanzia karibu mwaka 2025 itakuwa vigumu kucheza mikanda ya sumaku kwa kukosa mashine na vipuri. Serikali ya Marekani yenyewe inalichukulia jambo hili kwa uzito: Maktaba ya Bunge inahifadhi filamu na mikanda yake Culpeper, Virginia, kusini magharibi ya Washington, ndani ya handaki lililojengwa mlimani mwaka 1969 na benki kuu kuweka mabilioni ya dola ya kutumika baada ya vita vya nyuklia. Dola ziliondolewa, mikanda ikaingia. Napenda sana habari hiyo.

Kama mkanda wako ulirekodiwa nyumbani, harusi ya Mombasa au arusi ya Moshi, ujue ni PAL, na deki ya kawaida ya hapa haitausoma. Rafiki yangu alipeleka mkanda wa kumuaga dada yake kwenye duka moja la huku, akarudishiwa na karatasi kwamba hauna kitu. Ulikuwa na kila kitu, deki yao ndiyo haikuwa na macho. Kabla hujampa mtu yeyote kaseti uliza: mnasoma PAL? Ulizeni hivyo hivyo maktaba yoyote kabla ya kuweka miadi. Kuna deki za mifumo mingi, watu huziuza zikiwa zimetumika, na vikundi vyetu vya jumuiya vingefanya jambo la maana kuchanga na kununua moja ikazunguka, kuliko kununua sufuria nyingine ya pilau.

Kuhusu CD na DVD. Vijana watawaambia zimepitwa na wakati, na kompyuta mpya kweli hazina pa kuziweka. Diski ya kuandika nyumbani si ya milele pia, jua na joto huiharibu. Kwa hiyo faili lenyewe weka sehemu tatu. Mimi ninalo hapa, kaka yangu analo Dar es Salaam, na jingine liko kwenye hifadhi ya mtandaoni. Lakini mama alipoelezwa kwamba nitamtumia kwenye WhatsApp, alikataa.

Nilikuwa nimempigia jioni ile ile, huku usiku kule, nikamwekea dakika mbili za mwanzo kwenye simu. Alikaa kimya mpaka nikadhani mtandao umekatika. Akasema, "Kumbe anaongea vizuri hivi." Kisha akauliza kama nina uhakika sikuitengeneza sauti. Nikamweleza habari ya picha thelathini na ishirini na tano. Akaniambia nirudie polepole, ili aweze kuieleza.

"Usiweke kwenye grupu," akasema. "Watasikiliza wakiwa kwenye daladala, watatuma vidole gumba, basi. Nitengenezee diski. Walisikia uani wakiwa wamekaa, watasikia tena wakiwa wamekaa."

Nikatengeneza nne. DVD ya kawaida inabeba gigabaiti 4.7, kama saa mbili za video ya namna hii, kwa hiyo mikanda yote miwili iliingia kwenye diski moja. Deki nyingi za DVD zinazouzwa kwetu husoma NTSC na PAL bila kulalamika. Hata hivyo nilimwomba kijana wa jirani ajaribu kwanza diski nyingine niliyomtumia, tusije tukarudia ya mwaka 1990. Ilicheza. Zilisafirishwa na muuguzi mwenzetu aliyekuwa anakwenda Tanga likizo.

Walikusanyika Ijumaa baada ya swala, nyumbani kwa mama, watu kumi na wanne. Shangazi alikuwepo. Mzee wa deki bado yu hai, haoni vizuri, aliletwa kwa bodaboda. Mama anasema salamu zilipokuwa zinatajwa, waliotajwa na ambao bado wako waliitikia kila mmoja, "Aleykum salaam," kana kwamba yuko mlangoni. Mpaka mwisho hakuna aliyeondoka. Mzee wa deki ndiye aliyevunja ukimya. "Basi aliyelewa ilikuwa deki yangu," akasema, na watu wakacheka huku wanajifuta.

Nilimwomba mama apitie orodha ya majina ya salamu na kuandika kila mmoja ni nani, ni mtoto wa nani, yuko wapi. Ni majina arobaini na moja. Ameandika thelathini na nane kwenye daftari, kwa mwandiko wake wa shule. Watatu hawajulikani bado. Shangazi ana wasiwasi kwamba mmoja wao ni mvuvi aliyehamia Pemba, na kuna mtu anakwenda huko mwezi ujao, atauliza.